Mchele na maharagi: ni chakula cha nani?

Siku moja kwenye sherehe ya utamaduni hapa Goma nilisimama mbele ya meza ya vyakula vya mila. Wamama walikuwa wamepanga vizuri: bugali wa muhogo, sombe, lengalenga, sambaza za ziwa Kivu, ndizi, mateke, viazi vitamu, na kibuyu cha maziwa pembeni. Wageni walipita, wakapiga picha, wakasifu. Sherehe ilipokwisha, wamama wale wale walikaa nyuma ya hema kusudi nao wale. Walikula nini? Mchele na maharagi. Kijana mmoja akawauliza: «Bamama, na hii mbona hamukuiweka pa meza?» Mmoja wao akacheka: «Hii haiko ya mila, mwanangu. Hii iko chakula tu.»

Jibu lile lilizua mabishano. Mzee mmoja aliyekaa karibu alisema kwamba desturi hii tumeiga kwa Wahindi. «Angalieni askari wa India wa MONUC, na kisha MONUSCO. Miaka yote hii kambini chakula chao ni kile kile, mchele na dengu. Ilitoka kwao, ikapita Zanzibar, ikafika kwetu.» Mwingine akakataa kabisa: «Maharagi ni ya babu zetu, mbele ya Mzungu na mbele ya Mwarabu. Wahindi hawakutufundisha kitu.» Walibishana mpaka chakula kikapoa.

Ninaandika kurasa hizi kwa kuchambua maoni yale matatu: la mama, la mzee wa kwanza, na la yule wa pili. Naona yote matatu yamekosea, na kosa lao ni moja. Kila mmoja anatafuta mlango mmoja tu ambamo chakula kiliingia, kisha anataka mlango ule utuambie chakula ni cha nani.

1. «Tumeiga kwa Wahindi»

Kwanza tumpe mzee haki yake. Kule India, desturi ya kula mchele pamoja na dengu, choroko na jamaa zake ni ya zamani sana. Wanazo namna mbili. Ya kwanza, kila kimoja kinapikwa katika sufuria yake: mchele upande huu, na upande ule mchuzi mzito wa dengu unaoitwa dal. Ya pili, vyote viwili vinapikwa katika chungu kimoja mpaka vinalainika. Hiyo wanaiita khichri. Ibn Battuta, yule msafiri wa Moroko aliyefika India mwaka wa 1333, aliandika kwamba watu kule walikula asubuhi choroko zilizopikwa pamoja na mchele na kutiwa samli, na jina alilolisikia ni kishri. Mwisho wa karne ya 16, Abul Fazl, mwandishi wa mfalme Akbar, alieleza katika kitabu chake Ain-i-Akbari namna khichri ilivyopikwa katika jiko la mfalme: mchele, dengu zilizopasuliwa na samli, kila kimoja kwa kipimo sawa, pamoja na chumvi. Kwa hiyo chakula tunachokiona cha maskini kilikaa pia mbele ya mfalme.

Lakini hata India, chakula hiki hakikutoka katika shamba moja. Choroko ni mzaliwa wa India kweli. Adesi, zile dengu ndogo za duara, zililimwa kwanza Mashariki ya Kati, pande za Siria na Uturuki, ndipo zikasafiri. Mpunga nao una historia ndefu kule China, katika bonde la mto Yangtze, na aina za huko zilichanganyika na zile za bonde la Ganga. Basi yule anayesema «ni ya Wahindi» ajue kwamba hata kwa Wahindi ni makutano.

Sasa, je, desturi ile ilitoka kwao ikafika kwetu Goma? Hapa napendekeza tusikilize majina. Chapati, sambusa, pilau: hivi kweli vilitoka nje, vikapita pwani, na vilikuja vikibeba majina yao. Kwa kawaida, chakula kinachoigwa kikiwa kimekwisha kupikwa kinakuja na jina lake. Waingereza waliotawala India walirudi kwao na kedgeree, mchele wenye samaki na mayai: dengu zimetoweka, jina la khichri limebaki. Misri wanakula koshari, mchele uliochanganywa na adesi, na wengi wanaliona jina lile kuwa ndugu wa kishri ya Ibn Battuta. Na sisi je? Sisi hatuna jina. Tunasema tu «mchele na maharagi», majina mawili yaliyofungwa kwa neno dogo «na». Kwangu hiyo ni alama ya kwamba hatukupokea sahani iliyo tayari. Tulikuwa na vitu viwili mkononi, tukavikutanisha sisi wenyewe.

Tena, kama tungeiga Wahindi, dengu zenyewe zingeota mizizi hapa. Nenda soko la Virunga: utakuta maharagi ya kila rangi, meupe, mekundu, meusi, ya madoadoa. Dengu utazitafuta. Wakimbizi wengi walikutana na jamaa za dengu kwa njia ya msaada wa PAM, zile mbaazi za njano zilizopasuliwa, na tuliona wengine wakiziuza kusudi wapate pesa ya maharagi. Mtu aliyerithi desturi ya dengu hafanyi hivyo.

2. «Ni ya babu zetu toka mwanzo»

Yule wa pili anasema kwa mapendo, lakini miaka inamkatalia. Maharagi tunayokula yalizaliwa Amerika. Wenyeji wa Meksiko na wa milima ya Andes ndio waliyoyatoa porini na kuyafuga, maelfu ya miaka iliyopita. Hakuna mtu wa Afrika aliyeyaona mbele ya safari ya Christophe Colomb ya mwaka wa 1492. Baadaye Wareno waliyaleta pwani, na kutoka pwani yalipanda polepole, mkono kwa mkono, shamba kwa shamba, mpaka kwenye milima yetu. Babu wa zamani zaidi walikuwa na kunde na njugu mawe. Hizo ndizo watoto halisi wa Afrika.

Lakini ona maharagi yalivyopokelewa! Baridi ya milima iliyapendeza, na udongo wa volkano uliyanenepesha. Rutshuru, Masisi, Lubero, wanavuna mara mbili kwa mwaka. Leo watu wa Kivu, pamoja na wa Rwanda na Burundi, wako kati ya wale wanaokula maharagi mengi zaidi duniani, ukihesabu kwa kila mtu. Na wamama wetu hawakupokea mbegu tu, waliifanyia kazi. Katika shamba moja wanapanda mbegu za rangi nyingi zilizochanganywa, kusudi ugonjwa ama mvua kali ikiua aina moja, nyingine ibaki na nyumba ile. Wataalamu wa kituo cha INERA cha Mulungu, kule Kivu ya Kusini, waliochunguza maharagi kwa miaka mingi, walipaswa kwanza kujifunza akili hii ya wakulima.

Methali inasema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Maharagi yalipewa jembe zamani, yakalima kama mwenyeji. Leo hakuna anayekumbuka kwamba yalikuwa mgeni.

3. Mchele ulikuja kwa gunia

Mchele una njia yake nyingine. Pwani unajulikana toka zamani sana. Wachimbaji wa mambo ya kale wamekuta Pemba punje za mpunga zenye umri wa miaka 1000 na zaidi, na katika visiwa vya Komoro na Madagaska wamekuta mpunga na choroko pia. Ibn Battuta yuleyule, mwaka wa 1331, kabla ya kufika India, alipewa Mogadishu mchele uliotiwa samli, na juu yake vitoweo vya kuku, nyama, samaki na mboga. Kwa hiyo mtu wa pwani hakungoja Mzungu amwonyeshe mchele.

Kwetu huku ulifika kwa misafara ya karne ya 19. Ulitoka Zanzibar, ukapita Tabora na Ujiji, ukavuka ziwa Tanganika, ukafika Maniema. Livingstone alikuwa Nyangwe mwaka wa 1871, na Stanley mwaka wa 1876. Wakati ule mji ulikuwa mikononi mwa wafanyabiashara wa pwani. Kule Nyangwe na Kasongo, katika inchi ya Tippu Tip, mpunga ulilimwa sana, mara nyingi kwa mikono ya watumwa. Hilo nalo tusilifiche. Vita vya 1892 mpaka 1894 viliuvunja utawala wao, lakini mpunga ulibaki shambani. Kisha Wabelgiji, kwa sheria ya mwaka wa 1917, waliwalazimisha wanavijiji kulima mazao waliyoyataka wao, na katika sehemu nyingi za Maniema na za jimbo la Mashariki zao lile lilikuwa mpunga. Mchele ukawa posho. Waajiri wa migodi na wa mashamba makubwa walipaswa kuwalisha wafanyakazi, na kitu kikavu kinachokaa ghalani bila kuoza kiliwapendeza. Maharagi nayo ni kikavu kinachokaa ghalani. Wazee wengi watakuambia kwamba walizoea kula vyote viwili pamoja hivi: kwenye posho, katika shule ya bweni, ama hospitalini.

Lugha yetu inakumbuka jambo hili. Mtu wa pwani ana maneno matatu: mpunga uko shambani, mchele uko katika gunia, wali uko katika sahani. Sisi Goma tunasema «mchele» kwa ule wa gunia na ule wa sahani, na mpunga hatuutaji mara nyingi. Ni kwa sababu kwetu uliingia kwa mlango wa depo, haukuingia kwa mlango wa shamba. Mpaka leo, ijapokuwa unalimwa katika uwanda wa Ruzizi na sehemu nyingine, mwingi unaouzwa mjini unatoka Tanzania kwa malori, ama unatoka Asia kwa meli.

Basi tupange mambo vizuri. Maharagi yalikuwa tayari katika chungu, na watu waliyala pamoja na ndizi, viazi, mateke ama mahindi. Mchele ukaja baadaye, ukakaa pale pa ndizi na viazi. Ndiyo maana mama wa Goma anaanza kwa maharagi: anayalaza katika maji usiku, anayaweka juu ya mbabula asubuhi, na mchele anaupika mwishoni, maharagi yakiwa karibu kuiva. Mtu wa pwani anapika wali wake kwanza katika mawazo, kisha anatafuta kitoweo cha kuutia. Vitu ni vile vile, lakini mpango wa jiko hauko mmoja.

4. Mbona ndoa hii iko kila mahali?

Hapa mzee wa kwanza angeniuliza: kama hatukuiga, mbona vinafanana? Nami ningemjibu: angalia dunia. Ghana wanapika waakye, mchele na kunde katika chungu kimoja. Costa Rica wana gallo pinto, Brazil mchele na maharagi ya kila siku, Nepal dal bhat. Hawa wote hawakukaa katika darasa moja. Kila mmoja alifika pale pale kwa njia yake, kwa sababu zinazoeleweka.

Sababu ya kwanza iko katika mwili. Mchele una protini kidogo, na katika protini ile kitu kinachoitwa lisini ni haba. Maharagi yana lisini nyingi, lakini yamepungukiwa metionini, ambayo mchele unayo. Vikiliwa pamoja, kila kimoja kinafunika tundu la mwenzake. Mababu wa India hawakujua majina haya, wala babu zetu. Walijua tu kwamba mtoto aliyekula vyote viwili alisimama vizuri.

Sababu ya pili iko shambani: jamii ya maharagi inashika azoti ya hewani na kuirudisha katika udongo, nafaka inainywa. Ya tatu iko ghalani, na hapa Goma tunaijua kwa uchungu. Lava ya Nyiragongo iliposhuka mwaka wa 2002, na tena 2021, na vita vilipotukimbiza mara kwa mara mpaka ile Januari ya 2025, mtu hakukimbia na shamba la ndizi. Alikimbia na kile kinachoingia katika mfuko na kisichooza njiani.

Ila ndoa hii ina bei, na bei yake ni makala. Goma iko karibu metre 1500 juu ya bahari. Maji yetu yanachemka kwa digrii kama 95, siyo 100 kama pwani, na maharagi yanachelewa kuiva. Makala mengi yanatoka katika misitu ya Virunga, mbuga ya taifa toka mwaka wa 1925. Yule mama anayelaza maharagi katika maji usiku mzima anapunguza saa za moto. Naye pia ni mlinzi wa msitu, hata kama hakuna anayempa cheti.

5. Kosa letu

Nimeyachambua maoni ya wale wawili. Nirudi kwa mama aliyesema «hii iko chakula tu». Nadhani lake ndilo baya kuliko yote, kwa sababu linatuumiza kila siku. Kitu tusichokihesabu kuwa mila hatukilindi.

Angalia sahani zetu za siku hizi. Katika restora ndogo za mjini utapewa mlima wa mchele, na juu yake kijiko cha mchuzi wenye maharagi ya kuhesabu. Wengine wanaona aibu kumpa mgeni maharagi. Wanayaficha, wanamtolea mchele mtupu na kipande cha nyama. Mkulima wa milimani anauza gunia la maharagi kusudi anunue mchele mweupe uliovuka bahari, na watoto wake wanakula mchele ule kwa chumvi na mafuta. Shibe inakuwapo, lakini mwili hauongezeki. Jiko la Akbar lilipima sawa kwa sawa. Kwa afya ya mtoto, hata sehemu mbili za mchele kwa moja ya maharagi, vikiwa vikavu, ingetosha vizuri. Sisi tumeshika jina la ndoa, tumemwacha mke nje ya nyumba.

Lipo pia jambo zito kuliko sahani. Katika jimbo hili la Kivu ya Kaskazini, swali la «wewe ulitoka wapi?» limekwisha kuua watu. Tunaulizana nani alifika kwanza, nani alifika jana, nani ana haki ya kilima hiki. Sasa naona swali lile linaanza kupanda juu ya meza zetu za utamaduni: chakula hiki ni chetu, kile ni cha wageni. Tukilifuata mpaka mwisho, tutabaki na njaa. Muhogo wa bugali ulitoka Amerika. Mahindi, Amerika. Viazi vitamu, Amerika. Ndizi, Asia. Mateke, Asia. Na ile meza iliyosifiwa, ukiondoa kila mgeni, ingebaki karibu tupu. Na hata sambaza zilitolewa katika ziwa Tanganika zikatiwa katika ziwa Kivu mwisho wa miaka ya 1950!

Mimi napima mila kwa kazi. Nani alichagua mbegu, nani aliichanganya shambani, nani alijua saa ya kutia chumvi, nani alitia mafuta ya ngazi pale mwingine alipotia samli. Kwa kipimo hicho, mchele na maharagi ni mila yetu. Ni mila ya Wahindi pia kwa njia yao, na ya Wabrazili kwa njia yao. Hakuna aliyemnyang'anya mwenzake.

Ninaomba jambo moja kwa wale watakaopanga sherehe ijayo. Wekeni sufuria ile katikati ya meza, isikae nyuma ya hema. Andikeni mbele yake karatasi: maharagi, Amerika, kisha Rutshuru na Masisi, mchele, Asia, kisha pwani na Maniema, mapishi, wamama wa Goma. Mtoto wa shule atakayeisoma atajua kwamba kitu kinaweza kutoka mbali sana na bado kikawa cha nyumbani. Kisha mpeni sahani ale, na maharagi yawe mengi.